Vishimo vya Bibi

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemsugua Bibi meno. Bibi ni nyangumi wetu – mifupa mitupu, inaning'inia katika ukumbi mkubwa wa makumbusho tangu miaka tisini iliyopita. Mimi ndiye fundi wake: nasafisha, naunga, napaka. Mwaka wa ishirini na mbili huu, na bado harufu ya gundi asubuhi inanifurahisha. Mlinzi alipita akauliza kama mgonjwa wangu amelia. Nikamwambia huyu ndiye mgonjwa pekee asiyelalamikia foleni.

Mkurugenzi kasema kesho anakuja daktari wa wanyama, mtafiti, kumtazama Bibi. Nimefuta vumbi mara mbili. Utadhani naleta mkwe.

Jumanne, 4 Machi

Daktari ni binti mdogo, rika la mwanangu wa pili. Raba miguuni, mkoba mzito, tochi kichwani. Ananiita mama. Nimempenda papo hapo.

Kanieleza kazi yake kwa lugha nyepesi. Nyangumi na pomboo nao hupata ule ugonjwa wa wazamiaji! Mnyama akiwa chini sana kisha akapanda mbio, hewa iliyojificha kwenye damu inageuka viputo, viputo vinaziba mishipa. Mfupa unakosa damu, unakufa kidogo kidogo, unabaki na vishimo kwenye maungio. Kwa nyangumi wa siku hizi watafiti wameviona. Sasa anauliza: je, ni kelele za meli zinazowashtua wakapanda haraka, au wameumwa hivi tangu zamani? Ndiyo maana anawatafuta waliokufa kabla bahari haijajaa meli. Kama Bibi.

Alikaa juu ya ngazi karibu mchana kutwa. Aliposhuka akasema Bibi ni mzima kabisa, hajaona mkia laini namna ile. Kichwa kikanivimba. Mkia ule niliutengeneza mimi.

Nilikuwa nakoroga chai nilipoelewa nimefikiri nini. Chai sikuinywa.

Jumatano, 5 Machi

Sijakosea. Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Ukumbi unafunguliwa upya, mkurugenzi wa wakati ule anataka Bibi apendeze. Pingili za mkia zilikuwa na vishimo. Nikadhani wadudu wa stoo. Nikaviziba vyote – plasta, msasa, rangi ya mfupa. Sikuandika popote. Nilisifiwa mbele ya wageni, nikapigiwa makofi.

Leo daktari alikuwa anapima mbavu huku anaimba peke yake. Mara mbili nilifungua mdomo nimwambie. Mara mbili nikamuuliza kama anataka chai. Maskini, kanywa vikombe vinne.

Ijumaa, 7 Machi

Amemaliza. Anaondoka Jumatatu mchana. Bibi kaandikwa: hana ugonjwa. Daktari anasema matokeo yameanza kukaa sawa – wa zamani wazima, wa sasa wagonjwa, kwa hiyo lawama ni za meli. Anang'aa mtoto wa watu. Mkurugenzi naye anataka kibao kipya ukumbini: nyangumi mwenye afya njema. Kaniomba nichague rangi.

Nikasema bluu. Ndicho nilichosema. Bluu!

Hakuna atakayejua. Plasta yangu haionekani hata kwa tochi, ishathibitika. Ningekuwa fundi mbaya ningekuwa salama zaidi – mtu angeuona uzembe wangu siku ya kwanza. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Jumamosi, 8 Machi

Jua zuri. Tumeanika nguo mimi na mume wangu, yeye ananipa vibanio kutoka kwenye kiti. Alikuwa mzamiaji, akijenga nguzo za madaraja chini ya maji. Nyonga yake ya kushoto ilikufa kwa viputo hivyohivyo. Akiulizwa hali husema mfupa umefariki, mwenyewe bado yupo.

Nikamwambia yote. Alicheka mpaka shati likamponyoka. Akanipa kibanio kingine. Akanikumbusha miaka sita aliyoambiwa ni mzima, ni uvivu tu, kwa kuwa aliyesoma picha ya eksirei ya nyonga yake hakutazama vizuri. Kisha: "Mama watoto, na nyonga yangu ungeipaka plasta?"

Nikasema nitamwambia daktari. Akasema anajua, ndiyo maana shuka moja nimelianika mara tatu. Nampenda mtu huyu. Mchana tulikula, tukalala, nikaamka mwepesi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika kabla ya mlinzi kubadilisha zamu. Nikapanda ngazi na kisu kidogo. Daktari alipoingia kuaga nikamwita aje juu, nikaanza kukwangua mbele yake. Plasta ikaanguka vipande. Kishimo. Pembeni yake kingine. Nikasema: niliviziba mimi, nilidhani wadudu, na tangu Jumanne nilijua nikanyamaza.

Hakunikaripia. Aliweka kidole ndani ya kishimo, akakiacha humo kitambo. Kisha akasema taratibu kwamba Bibi aliumwa miaka mingi. Miaka tisini iliyopita, kabla bahari haijajaa meli. Macho yalimjaa maji, na mimi pia. Nilijisikia nimetua mzigo – niseme kweli, nilifurahi.

Tukakwangua pamoja hadi saa nne. Vishimo kumi na saba. Akauliza nani alinifundisha kuziba vizuri hivi. Ulimi ukanitangulia: hakuna, nilijifundisha, tena mimi ndiye niliyewafundisha wengine! Mafundi wa makumbusho kadhaa walikuja hapa wiki nzima kutazama mkono wangu.

Daktari akaacha kupiga picha. Akashuka, akafungua kompyuta, akanichapishia karatasi moja. Ni orodha ya nyangumi wake wa zamani waliokutwa wazima. Wako tisa, kila mmoja na makumbusho yake. Akaniomba niweke alama kwa wale ambao fundi wao alikuja kujifunza kwangu. Kisha akapiga simu kuahirisha safari.

Nimeleta karatasi karakana. Yeye ananisubiri ukumbini. Penseli ninayo.

Wa kwanza – alikuja. Wa pili – alikuja. Wa tatu – huyo alikaa kiti cha mbele, akaandika kila kitu.