Watu wa Kadibodi Walioinua Mikono

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wapwa zangu, na umfikishie Mama zake kabla hujamaliza kusoma, maana nakujua, utasahau. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na zaidi ya yote natumaini kile kidole kilichobanwa na jiliwa, lile dude la chuma la kushikia mbao, kimepona. Shemeji aliniandikia kwamba ulipofungwa bandeji ulianza kuongea kwa kigugumizi, na kwamba mafundi wako pale karakana walifurahi kwa sababu hukuweza kuwagombeza vizuri. Mimi sikucheka. Sawa, nilicheka, lakini kidogo. Huku kwangu mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na kiatu changu cha kushoto bado kinalia ninapotembea, jambo ambalo wewe halikuhusu.

Najua tabia yako ya kusoma barua zangu kuanzia mwisho, eti mimi huzunguka sana. Basi habari yenyewe nakupa hapahapa juu ili usiwe na kisingizio cha kuruka: tumeshinda. Ukumbi mpya wa mji tutaujenga sisi, mimi na Rula, yule mwenzangu tuliyesoma naye, ambaye hata kitambaa cha kufutia meza hukikunja kwa pembe sawasawa. Tumeshinda, Dada! Nimeliandika neno hili kwenye kila karatasi iliyo mezani, na Rula ameninyang'anya kalamu mara mbili.

Unakumbuka hali yetu ilivyokuwa. Tuliacha kazi ya usanifu kwa Mama Tofali tukiwa na vichwa vikubwa, tukapanga chumba kimoja juu ya duka la betri, na tangu hapo tukawa tunachora vyoo vya watu na vibaraza. Rula alikuwa ameshasema kwamba tukilikosa shindano hili tufunge mlango, turudi kuomba kazi tulikotoka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuufanyia mazoezi uso wa kuombea msamaha.

Na juu ya hayo kulikuwa na sharti lako. Siku nilipoondoka kwenda chuoni ulinishika shati pale mlangoni, ukaniambia nisithubutu hata siku moja kusimama mbele ya watu na kusimulia habari za dada yangu kiziwi ili wanionee huruma wanipe kazi. Ulisema wewe si kopo la ombaomba. Nikakuapia kwa mikono yote miwili. Kwa hiyo kushinda peke yake hakukutosha. Ilibidi tushinde bila wewe kutajwa.

Sasa nikueleze tulikuwa tunashindana na nani. Wa kwanza alikuwa Bwana Kioo. Huyu ametembea dunia nzima, na kila alipopita ameacha jengo la kioo kutoka chini mpaka juu, kwa sababu anaamini jengo halipaswi kuwa na siri. Wanaofanya kazi humo wamejifunza kubandika magazeti madirishani. Wa pili tunamwita Mkunjaji. Hagusi kalamu, hukunja karatasi mezani mpaka paa litokee, kisha wahandisi wake wanahangaika kutafuta namna ya kulisimamisha. Mimi namtania, lakini niliwahi kuingia kwenye soko alilolijenga, nikasimama katikati nikiangalia juu mpaka mtu akanigonga na gunia la vitunguu.

Wa tatu alikuwa Mama Tofali mwenyewe, mwalimu wetu. Unajua historia yake. Alipoanza, hakuna aliyekuwa tayari kumpa mwanamke jengo, akapewa ukuta wa uzio wa shule, akaujenga kwa mabenchi ndani yake, na wazazi wakawa wanakuja mapema ili wakae. Leo hachori mstari kabla hajapeleka kiti chake cha kukunja kiwanjani, jua liwake au mvua inyeshe, aangalie watu wanapita wapi. Kushindana naye kulinikosesha raha. Rula alisema kwamba kama tunamheshimu, tusimletee kazi ya ovyo.

Tangazo la shindano lilisema ukumbi mpya umwezeshe kila mwananchi kusikika. Ule wa zamani una nguzo nene kama matangi ya maji na mwangwi usiokwisha. Mtu akisema jambo mbele, waliokaa nyuma wanapata mabaki. Basi wasanifu wote wakakimbilia sauti. Vipaza sauti, mbao za kumeza mwangwi, dari za mawimbi. Na sisi pia tulianza hivyohivyo, na michoro yetu ilikuwa mibaya, ya kuiga, na Rula alikuwa akiiangalia kama mtu aliyeletewa chai ya jana.

Nikafanya kama Mama Tofali alivyotufundisha, nikaenda kukaa kwenye mkutano mmoja wa mji, safu ya nyuma. Mama mmoja alisimama kulalamikia mtaro uliopasuka mtaani kwake. Alikuwa nyuma ya nguzo. Watu wakageuza shingo huku na huku wakimtafuta, hawakumwona, wakaanza kucheka, na yeye akazidi kupaza sauti mpaka ikapasuka, kisha akaketi. Nilipandwa na hasira ambayo nilishangaa imetoka wapi. Nikiwa njiani kurudi ndipo nilipojua. Mama yule alikuwa na sauti ya kutosha kabisa. Alichokosa ni kuonekana.

Nikafika mezani, nikachora nyumba yetu.

Nilichora lile tundu ambalo Mama alilitoboa kwa nyundo kati ya jiko na sebule, ili akuone na umwone, na Baba aliporudi kazini akadhani wezi wamevunja. Nilichora kile kiti ulichokuwa unanihamishia kila nilipokaa dirisha likiwa mgongoni kwangu, kwa kuwa mwanga ukitoka nyuma uso wangu ulikuwa giza, nawe ulikataa kuongea na giza. Nilichora sakafu ya mbao tuliyokuwa tunaipiga mguu kukuita, na ile kona ya korido tulipokuwa tunagongana mpaka Baba akaikata ikawa ya mviringo. Halafu nikavikuza. Ukumbi ukawa wa duara, viti vimepangwa kwa ngazi fupi, bila nguzo hata moja, kila mtu akiona uso wa kila mtu. Mwanga unatoka juu, unaangukia nyuso na mikono, na hakuna dirisha nyuma ya anayesema. Kuta ni za rangi moja iliyotulia, ili mkono ukiinuka uonekane. Korido zina upana wa watu wawili kutembea sambamba wakitazamana. Sakafu ni ya mbao, na mtu akiipiga mguu upande mmoja, wa upande wa pili anajua ameitwa.

Rula alikuja nyuma yangu, akaufuata kila mstari kwa kidole. Mwisho alisema ni jengo la kwanza tulilowahi kuchora ambalo hana hamu ya kulirekebisha pembe, na tena halina pembe. Akauliza wazo limetoka wapi. Nikamweleza, nikamweleza na sharti lako. Akakubali mara moja. Katika maelezo tuliandika habari za mwanga, macho na mbao tu. Michoro ilipelekwa bila majina, kama walivyoagiza, na baada ya muda tukaambiwa tumo katika wanne wa mwisho.

Siku ya kujieleza mbele ya majaji walituita palepale kwenye ukumbi wa zamani. Ungekuwepo! Bwana Kioo alizungumza vizuri sana, naamini, lakini nguzo zilikula nusu ya maneno na mwangwi ukarudia nusu iliyobaki. Mkunjaji alipandisha sauti, ikawa mbaya zaidi. Mama Tofali alisema maneno machache, polepole, yakasikika yote, akaketi. Zamu yetu ilipofika tuliwasogeza majaji wote mpaka kwenye modeli, yaani lile jengo dogo la kadibodi tulilolitengeneza, tukawazungusha duara. Mhandisi aliyekuwa miongoni mwao alitubana kwa maswali kuhusu paa, na Rula akamjibu mpaka akafunga kalamu yake. Nikajua tumepita. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu.

Ndipo mwenyekiti wa majaji, mama mmoja aliyewahi kuwa mwalimu mkuu, akavaa miwani, akainama, akauliza mbona watu wetu wote wameinua mikono. Kwani humu ndani kuna ujambazi?

Ukumbi mzima ukacheka. Nami nikainama kuangalia. Dada, ni mimi niliyewakata watu wale. Rula alikata kuta, mimi nikakata watu. Katika modeli za wenzetu watu walikuwa wamesimama mikono ubavuni kama misumari, wote wakitazama mbele. Wa kwetu walikuwa wametazamana, wawili wawili na watatu watatu, na kila mmoja alikuwa na mikono juu, vidole vimefunguka, huyu kifuani, huyu kidevuni. Sikuwa nimeona. Ninavyowaza watu wakizungumza, ndivyo wanavyokaa kichwani mwangu, na mkasi ulifuata. Hata Rula, mwenye jicho la kuona unywele kwenye mstari, alidhani ni pambo.

Sasa nimefika pale ninapopaogopa. Ningeweza kusema wanapiga kura. Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni, tena zuri, la ukumbi wa mji. Lakini katikati ya duara alikuwa amesimama mmoja peke yake, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika sikio analivuta. Ni wewe, unaniita kwa jina la mkono ulilonipa. Nilishindwa kusema kwamba huyo naye anapiga kura.

Nikasema wanazungumza. Mwenyekiti akauliza huyu wa katikati ni nani. Nikasema ndiye mwenye wazo hili lote, ni dada yangu, ni kiziwi, na mimi nimechora tu nyumba aliyotulazimisha kuishi ndani yake. Basi nikavunja sharti lako, mbele ya majaji, mbele ya wapinzani, mbele ya fundi wa umeme aliyekuja kutengeneza kipaza sauti. Nikawaambia jinsi ulivyokuwa ukinizungusha kama meza mpaka uso upate mwanga. Nikawaambia kwamba katika karakana yako misumeno ikiwaka hakuna anayesikia kitu, na mtu pekee anayemaliza sentensi yake ni wewe, ndiyo maana mafundi wote wamejifunza kuongea kwa mikono. Walicheka, lakini walinicheka mimi. Sikuomba kitu. Nilikuwa najivuna, Dada, nilijivuna mpaka nikaona aibu, na Rula akanikanyaga mguu.

Kisha nikaketi nikijua nimekukosea. Walipotoka kwenda kushauriana, sikuwaza ushindi tena, nilikuwa nawaza kwamba hata wakitupa kazi hii sitaweza kuipokea, kwa sababu sitajua wameitoa kwa ajili ya nini.

Waliporudi, mwenyekiti alisoma jina letu. Rula alipiga ukelele ambao mwangwi bado unaurudia mpaka leo. Mimi nilisimama nikauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kupoteza kazi yake, kama ni kwa sababu ya habari nilizowasimulia. Mwenyekiti aliniangalia kama mwanafunzi aliyechelewa. Akasema alama zilikuwa zimeshatolewa kwa michoro peke yake, kabla hawajajua majina yetu, zikafungiwa, na tulikuwa tumewaacha wenzetu mbali. Siku hiyo walitaka tu kuona kama tunaweza kusimama nyuma ya jengo letu. Mmoja wao alikuwa ameandika kando ya mchoro kwamba hajui kwa nini, lakini ndani ya ukumbi huu yeye, mtu wa haya, asingeogopa kusema.

Unaona? Huruma haikupata hata alama moja. Wewe ulipata zote.

Mama Tofali alinifuata mlangoni akanishika mkono, akalalamika kwamba nimekaa kwake muda wote ule nikijifunza, kumbe nilikuwa na kitu cha kumfundisha nikanyamaza nacho. Ameomba kuja kuiona nyumba yetu. Mwambie Mama afagie pale kwenye tundu.

Limebaki jambo moja. Mwenyekiti anataka siku ya ufunguzi maneno ya kwanza ndani ya ukumbi yasemwe na wewe, kwa mikono, na atafutwe mtu wa kuyatolea sauti kwa wale wasiojua kusoma mikono. Nilimjibu kwamba sikusemei, nimeshasema vya kutosha. Ndani ya bahasha nimekuwekea yule mtu wa kadibodi wa katikati. Usimkunje, Rula atalia.

Najua umekasirika. Najua umeshaiweka barua mezani na unamwambia shemeji kwamba mimi sina adabu, sina kifua, na niliapa kwa mikono yote miwili. Yote ni kweli. Lakini usiyamalizie hapo jikoni. Njoo unigombeze pale katikati, kidole kikiwa kimepona, mwanga ukikupiga usoni, na mji mzima ukuone.

Nisalimie wote nyumbani, na mafundi, na Mama mara ya pili.

Mdogo wako akupendaye,
Masikio