Niliwaambia M.D. Ni Baba Yangu

Mpendwa Mama Lois, shikamoo. Naomba msaada wako na naomba usinicheke, kwa sababu jambo lenyewe linahusu katuni, na mtu mzima wa miaka thelathini na minane kukonda kwa ajili ya katuni ni kichekesho, ila kwangu limeshageuka msiba. Naitwa Doris, nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni hapa Mikumi, kwetu ni Kilosa mjini, na baba yangu ni mzee Melkizedek Damiani, ambaye Jumamosi ijayo anapewa heshima isiyo yake, na aliyewaleta watu hao mpaka mlangoni kwake ni mimi.

Wa umri wangu na walionizidi watamkumbuka Radi Kavu, yule fundi reli aliyepigwa na radi akitengeneza njia, akaamka na mbio za kuipita treni yenyewe, jarida lililotoka kila mwezi tangu 1985 mpaka lilipokufa 1993. Sifa zote alichukua mwenye jarida wa Dar es Salaam, kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye jalada, lakini ndani, pembeni chini ya kila ukurasa mtamu, palikuwa na herufi mbili ndogo tu, M.D. Mwaka jana nikaingizwa kwenye kundi la WhatsApp la Wana Radi, watu mia mbili na kitu, walimu, madereva wa malori, hata mchungaji mmoja, kazi yao ni kupiga picha kurasa za zamani na kubishana, na wimbo wao ni mmoja, kwamba yule wa Dar alisifiwa bure, fundi hasa alikuwa M.D. na hakuna aliyewahi kumwambia ahsante. Siku admin wetu, Deogratias wa Morogoro, alipouliza nani anamjua M.D., nikajibu kwa mbwembwe zote, "Ni baba yangu, Melkizedek Damiani, yuko hai, yuko Kilosa." Sikudanganya, Mama Lois, niliamini, maana nimekua nikiambiwa Baba ndiye wa jarida, na kweli kila mwezi alipanda treni na bahasha yake ya kaki, na mama vidole vyake vilikuwa vyeusi siku zote, nami nikidhani ni masizi ya sufuria.

Kundi likalipuka. Tangu siku ile ni Mzee M.D. huku, Mzee M.D. kule, wanamtumia salamu za sauti mpaka simu yake inajaa, wameandaa kitabu cha kurasa zake chenye jina la Baba juu ya jalada, na Jumamosi wanakuja Kilosa kugongelea kibao cha shaba ukutani kwetu. Ubishi uliobaki ni kuhusu matoleo ya mwanzo, ambayo pembeni yana M.G., kwani wapo wanaosema M.G. alikuwa bora, mkono mwepesi, watu wake wanacheka hata wakikimbizwa na nyati, halafu mwishoni mwa 1986 jarida likapotea miezi minne, wanasema karatasi ziliadimika, na liliporudi ndipo akaingia M.D. na wino wake mzito, hata jua anachora jeusi, na yule mtoto wa shati la mistari ambaye Radi Kavu anamwokoa karibu kila toleo, leo mtoni, kesho relini. Nilimuuliza Baba huyo M.G. ni nani, akasema ni kijana wa Morogoro aliyeacha kazi.

Sasa mwezi uliopita mama yangu mdogo, Agnesi, alikuja Kilosa kutoka Mamboya kumjulia hali Baba, ambaye ni mgonjwa, nikamwonyesha ukurasa mmoja kwenye simu ili ajivunie shemeji yake, akausogeza karibu na macho akacheka, akasema, "Hee, hiyo si sahihi ya dada? M.D., Mama Doris. Aliona haya kuandika jina lake, akaandika wanavyomwita majirani."

Nikamfuata Baba. Mwaka juzi alikatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya sukari, anashinda kitini akisubiri simu za Wana Radi, ndiyo furaha yake pekee. Hakukana. Alisema, "Nani alizipeleka Dar? Mimi. Nisingezipeleka, mama yako angezifungia maandazi. Hadithi nilitunga mimi, yeye alichora tu." Nikamwambia, "Baba, wenzio wanasifu kuchora." Akasema, "Doris, mguu umekwenda, mama yako amekwenda. Niache nife na hiki kimoja. Ukisema, umenizika mzima." Akalia, Mama Lois, na mimi sijawahi kumwona akilia, hata mama alipofariki.

Mama alikufa kwa kansa ya kizazi mwaka 2011, wiki ya mwisho hasemi kitu ila kidole kinatembea juu ya shuka, kinakwenda na kurudi, tukadhani ni homa. Tulimzika kwao Masanze, kando ya kaka yangu Goodluck aliyekufa kwa surua miezi michache kabla sijazaliwa, ambaye nyumbani hatumtaji kabisa, na msalaba wa mama ni wa mbao, umeliwa na mchwa, hauna hata herufi moja, huku Baba anakwenda kugongelewa shaba. Nikisema, nimemuua Baba; nikinyamaza, nimemzika mama mara ya pili. Jina langu usilifiche. Nifanye nini?

Ni mimi Doris, Mikumi.

*

Marahaba, Doris. Pole sana. Nimetanguliza pole kwa sababu baada ya hapa nitakusema.

Nilikupigia simu kukuuliza kama nibadilishe majina, ukajibu yaache yote. Mwenye kutaka kutunza siri haandiki gazetini jina lake, jina la baba yake na mji wao. Ulishaamua kabla hujashika kalamu. Ulichotafuta kwangu ni mtu wa kukusukuma mgongoni. Haya, nakusukuma.

Baba yako ana haki yake na apewe. Alitunga hadithi, alibeba bahasha, alisafiri. Aandikwe hivyo hivyo, mtunzi. Lakini amekwambia mama yako "alichora tu," na Wana Radi hawajafunga safari kwa ajili ya bahasha. Wanakuja kwa ajili ya hilo "tu." Usibebe mzigo wa kumzika mtu, binti yangu. Mama yako alizikwa na neno hilo zamani, akiwa bado anapika.

Sasa kama umesimama, kaa chini. Umeniandikia jambo kubwa kuliko unalouliza, na hukuliona.

Sisi mwanamke akishazaa humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza kwenu si wewe. Hakuna kijana wa Morogoro. M.G. ni Mama Goodluck. Mtoto alipofariki, majirani waliona vibaya kumwita mzazi kwa jina la marehemu kila anapopita kwenda kuchota maji, na ulipozaliwa wewe wakambadilishia, akawa Mama Doris. Naye akabadilisha sahihi. Karatasi hazikuadimika mwaka ule, Doris. Mtu alikuwa msibani na mimba tumboni. Kundi zima linabishana nani alikuwa fundi zaidi, yule wa mkono mwepesi au yule wa wino mzito, na kumbe ni mwanamke mmoja, kabla ya kuzika mwanawe na baada ya kumzika. Huo weusi wanaousifu ndio ulikuwa msiba wake.

Kuhusu yule mtoto wa mistari sina hakika, na sitaki kukuongopea. Muulize mama yako mdogo Goodluck alikuwa akivaa shati gani. Mimi nilipofika mstari huo niliiweka barua yako chini nikatoka nje.

Baba yako alijua maana ya M.G. Inawezekana alikudanganya kwa sababu jina la mwanawe halimtoki kinywani, na kwa hilo namwonea huruma, kwani naye alizika. Ila simtetei. Uchungu haumpi mtu ruhusa ya kuvaa jina la mwenzake, hasa mwenzake ambaye hawezi kurudi kulidai.

Basi fanya hivi, wala usinipigie tena kuuliza kama kweli. Jibu hili nimekutumia kwenye simu mapema, na gazeti halifiki Kilosa kabla ya Ijumaa. Alhamisi omba ruhusa kazini, mpitie mama mdogo, mfike pamoja, asubuhi, Baba akiwa ameshakula na ameshachoma sindano yake. Usimshtaki. Mtaje Goodluck kwanza, umwache aseme atakalosema, hata kama ni siku nzima. Halafu msomee ukurasa huu wewe mwenyewe, asije akausikia kwa jirani. Akikufukuza, hama kiti, usihame nyumba. Anaweza kukasirika mpaka kufa kwake, nami sitakuahidi kwamba hatakasirika. Umtunze hivyo hivyo amekasirika.

Jioni yake mpigie Deogratias. Usiandike kwenye kundi, mpigie. Mwambie ulikosea, na kibao kisigongelewe. Wataumia, watalalamika, kisha watashukuru, maana wamezunguka nchi wakimtafuta fundi aliyesahauliwa, na amesahauliwa kuliko walivyodhani. Safari yao iendelee mpaka Masanze. Jalada la kitabu lisubiri. Wamengoja miaka zaidi ya thelathini, hawatashindwa wiki mbili.

La mwisho ndilo nililokuwa nalo rohoni tangu mwanzo. Barua yako nimeisoma mara tatu. Nimemjua baba yako kwa majina yake yote mawili, nimemjua admin wenu na mama yako mdogo, nimemjua hata kaka yako uliyesema hamumtaji. Mama yako hukumtaja jina hata mara moja. Nilipokuuliza kwenye simu ulisita, ndipo ukanitajia kwa sauti ndogo, na mimi sitaliandika hapa. Wa kwanza kuliandika awe wewe, juu ya kile kibao kitakapoandikwa upya, jina lake na la baba yake, lisitanguliwe na Mama wala lisifuatwe na mtoto wa mtu.

Na usidhani nakunyooshea kidole peke yako. Kwenye ukurasa huu nimejibu barua miaka kumi na mmoja nikiitwa Mama Lois, na hakuna msomaji aliyewahi kuniuliza jina langu, wala mimi sikuona neno mpaka nilipokusoma.

Wako,
Naanyu Metito