Viazi vya Msimu Huu

Mama alikuwa ametua gunia sokoni Tukuyu. Mteja wake, Mama Rukia, akalifungua, akacheka. "Mama Sekela, leo umeniletea viazi au karanga?"

Neema, ugonile, habari za huko? Najua unacheka nikikuita mjukuu na mimi bado kijana, lakini babu yako ni kaka yangu, utafanyaje? Huku wazima wote. Dada Sekela amepata mtoto wa kike.

Umeuliza kwa nini viazi vimepanda bei huko Dar. Zamani mbolea tulichukua ushirika. Sasa ipo madukani, na kila ukirudi imepanda. Tulikuwa tunatia kizibo kimoja cha soda kila shimo. Mwaka huu mama alikigawa kizibo kimoja mashimo matatu. Niliona majani yanageuka njano mapema.

Basi pale sokoni mama akamjibu Mama Rukia, "Dada, ndivyo vilivyotoka." Na kwa vile vilikuwa vichache, bei ikabidi aipandishe.

Mama Rukia anakaanga chipsi pale Bulyaga. Amenunua kwetu tangu mimi mdogo. Hakugomba. Alisema polepole, "Hivi nikivimenya, mdogo wangu, kinabaki nini?" Akamshika mama mkono, akaenda kwa mwingine. Mama hakuita mteja tena siku ile. Alikaa anamwangalia Mama Rukia akichagua viazi vya watu.

Naishia hapa, mjukuu. Nawahi samadi kwa jirani kabla hawajafika wengine, maana siku hizi hata mavi ya ng'ombe tunagombania.

Babu yako mdogo,
Asajile