Mshumaa wa Aliye Hai

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, mtaa wa Pilsen, Chicago
Yameandikwa tarehe 2 Novemba, kuanzia saa 3:15 asubuhi

Jina: Eulalia Barrientos Cuevas (mtaani huniita Lala). Umri: miaka 63. Kazi: mwokaji mikate. Makazi: ghorofani, juu ya duka langu la mikate, Barabara ya 18.

Sijalala tangu juzi, kwa hiyo nikirudia neno, afande anivumilie.

Kwa miaka kumi na tisa mimi ndiye mtunzaji wa meza ya marehemu wa mtaa wetu, ile tunayoiweka katika ukumbi wa utamaduni kila Novemba mosi, siku ambayo sisi Wameksiko huamini wafu wetu huja kututembelea. Mwaka huu ukumbi umeuzwa pamoja na nyumba sita za jirani, na mwenye majengo mpya anataka tuhame. Tarehe 9 mwezi huu baraza la jiji litatusikiliza. Watakaosema kwa niaba ya mtaa ni wawili: Itzel Arriaga Luna, mwenyekiti wa wapangaji, ambaye ni binti yangu wa ubatizo, na mimi.

Utaratibu wa meza ni huu. Mfiwa huleta picha ndani ya bahasha. Nyuma ya picha huandika jina, tarehe ya kufariki, na chakula alichokipenda marehemu. Mimi sifungui bahasha wala siulizi marehemu ni nani. Mfiwa hahojiwi. Sheria hiyo niliiweka mwenyewe, na sasa naijutia.

Mnamo tarehe 29 Oktoba, saa 10:20 jioni, aliingia dukani mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kijivu. Simjui. Lugha yetu, Kihispania, aliisema kama mtu aliyelelewa nayo.

"Shikamoo mama. Nimeleta wangu."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Msiba wa karibuni?"

"Wa karibuni sana, mama."

Nilipokea bahasha, ya bluu, pekee ya rangi hiyo mwaka huu, nikampa mkate wa bure kama ninavyompa kila mfiwa. Akaula palepale, akausifu. Hilo linanichoma.

Jana, tarehe 1 Novemba, saa 11 jioni, tulianza kuita majina. Msomaji ni Fermín Zaldívar, tarishi mstaafu wa posta. Yeye hufungua bahasha, husoma jina, watu wote huitikia "Yupo!", kisha hunipa picha. Mimi huiweka mezani na kuwasha mshumaa wake. Macho yangu yana ukungu, siku hizi sura sizioni vizuri bila kusogeza picha karibu.

Tulikuwa tumepita majina kama arobaini. Fermín akasoma kwa mazoea, bila kufikiri: "Itzel Arriaga Luna."

"Yupo!" watu wakaitikia, kama mia mbili hivi.

Nikaweka picha. Nikawasha mshumaa. Ndipo niliposikia ukumbi umenyamaza.

Itzel alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, ameshika bango letu. Akacheka. "Jamani, nimekufa lini? Mbona mazishini sikualikwa?"

Wachache walicheka naye. Mama mmoja nyuma akapiga kelele, "Yesu na Maria! We mtoto, usitanie hivyo!"

Nikaisogeza picha machoni. Itzel anafungua mlango wake wa nyuma, funguo mkononi; picha imepigwa kupitia ua wa waya. Fermín akasoma maandishi ya nyuma kwa sauti ndogo. Chakula: mkate wa mbegu za anisi usiopakwa sukari. Ndio anaoununua kwangu kila asubuhi saa 12:40, akienda kazini. Tarehe ya kufariki: 9 Novemba.

Niliogopa, afande. Sioni haya kusema.

Mshumaa wa marehemu haupulizwi. Huachwa uishe wenyewe, maana ukiupuliza umemfukuza mgeni mlangoni. Sasa huu niliouwasha kwa mkono wangu ulikuwa wa mtu mzima wa afya. Uachwe uishe? Uzimwe? Hakuna hata mmoja aliyejua. Tulisimama tunautazama unavyopungua.

Itzel akalamba vidole viwili, akaubana utambi.

"Wangu nauzima mwenyewe, Mama Lala."

Kisha akanishika mkono.

Wakati huohuo nilimwona Fermín anachungulia tena ndani ya bahasha ile ya bluu, anatoa kitu, anakitia mfukoni.

"Fermín, kuna nini?"

"Hamna kitu, Lala."

Fermín amesambaza barua miaka thelathini, lakini kusema uongo hajui.

Leo saa 12:30 asubuhi alikuja dukani. Hakununua mkate. Aliweka picha ya pili mezani, akasema, "Nisamehe. Nilitaka ulale." Akatoka bila kuniangalia.

Ni picha yangu. Nimepigwa nikiwa mbele ya tanuri, kutoka upande wa ghala la unga, ambako wateja hawaingii. Nimevaa aproni nyekundu aliyonipa Itzel tarehe 26 Oktoba, hivyo ilipigwa kati ya siku hiyo na tarehe 29. Nyuma kuna jina langu lote, na tarehe ileile, 9 Novemba. Penye chakula pameandikwa: mkate anaougawa bure.

Yule wa koti la kijivu aliandika hivyo kabla sijampa mkate wake.

Picha zote mbili na bahasha nimekukabidhi, afande. Niliyoyaona na kuyasikia ni hayo, sina la kuongeza ila moja, na naomba liandikwe kama nilivyolisema: leo tarehe 2 Novemba, saa 4:10 asubuhi, Itzel Arriaga Luna na mimi tupo hai. Tarehe 9 tutakwenda barazani.

(Sahihi) Eulalia Barrientos Cuevas

Maelezo ya ofisa: Shahidi amesomewa maelezo haya na kukiri kuwa ni sahihi. Vielelezo vitatu vimepokelewa. Shahidi aliomba kutolewa kwa mlango wa nyuma. Tulipofika mlangoni alisimama kwa muda, akatazama ua wa waya ulioko nje, akageuka, akatoka kwa mlango wa mbele.

(Sahihi) Sajini T. Olszewski