Mbwa Upande wa Watu, Mke Upande wa Kitambi

Bibi Lorene wa ushauri gazetini, mimi si mtu wa kuomba msaada, hata trekta langu likizama topeni nalivuta mwenyewe, ila mara hii nimekwama. Shule niliiacha mapema, usinicheke mwandiko. Lakini kwa kuchonga mpini wa bastola, Texas hii hakuna wa kunikaribia, waulize, na wala siuzi, ni raha yangu tu, basi kwa ajili ya sherehe ya kumbukumbu ya ndoa yetu nikapasua mbao mbili za mti wa mjozi, za kuvika mpini huku na huku, nikazitia nakshi, wa kushoto uso wa mke wangu Maudeen, wa kulia uso wa mbwa wangu Rowdy, nikapiga msasa, nikakaza skrubu, ukipitisha ukucha kwenye kiungo husikii kitu! Nikaivaa bastola kiunoni tukaenda maonyesho ya ng'ombe, watu wakanizunguka, "Mzee Orval, huyo mbwa atabweka sasa hivi!" nami kifua mbele, mara Maudeen anauliza, "Na mimi niko wapi?" Nikamwambia, "Uko huku ndani, mpenzi, karibu na mbavu zangu." Maana bastola ikikaa kiuno cha kulia, ubao wa kulia ndio unaotazama watu, wa kushoto unalalia mwili, na hilo sikuliwaza. Akapaza sauti mbele ya watu wote, "Kumbe mbwa ni wa kuonwa, mimi wa kufutia jasho la kitambi!" Akaenda kwa dada yake. Jumamosi ndiyo dansi ya sherehe yetu, nimealika kanisa zima, nikimpigia simu ananijibu, "Cheza na Rowdy." Na mbao hazibadilishani upande, wa kushoto una mfereji wa kupisha chuma cha bastola, nikilazimisha naharibu kazi. Halafu yeye nilimchonga kwa kumkumbuka tu na katoka vizuri, Rowdy ndiye ilibidi nimkalishe kitini nimtazame. Nifanye nini? Ila usiniambie niombe msamaha.

Orval Tidwell


Mzee Orval,

Pole, na aibu juu yako. Nilikuwepo kwenye maonyesho hayo. Mbwa alipendeza mno; nilidhani ndiye uliyemuoa.

Hakuna aliyekuambia ubadilishe mbao. Wewe si fundi asiye na wa kumkaribia? Chonga mwingine wa kulia, wenye uso wa mkeo. Toa risasi zote kwanza, ndipo ufungue skrubu. Kisha nenda kwa shemeji yako, kofia mkononi, umwombe Maudeen akae kitini kama alivyokaa Rowdy, nawe umtazame. Umtazame hasa, mzee, mpaka umalize. Neno msamaha likikukwama kooni, patasi itakusemea, lakini bora ulitamke.

Jumamosi ingia ukumbini na mkeo pande zote mbili za mpini.

Ule ubao wa mbwa upigilie mlangoni pa kibanda chake. Ukikataa ushauri wangu, angalau ukilala humo utajua uko kwa nani.