Sirudi Ghorofa ya Tisa

Baba Mgeni,

Wali umo chunguni, mchuzi wa pweza nimeufunika. Kuku wafungie kabla ya magharibi. Mwanetu Mgeni nimemchukua, tumekwenda Msuka kwa mama.

Asubuhi uliwaambia wageni wako barazani, "Mke wangu kule Kairo anakaa ghorofa ya tisa kama malkia, na mwezi ujao tunarudi." Nilikuwa nyuma ya mlango na sinia la kahawa. Hata kuniuliza hukuniuliza! Malkia gani? Lifti ilikuwa mbovu siku ile Mwanawema wetu alipozidiwa na homa. Wewe uko kazini, mimi nashuka naye ngazi, akanifia mikononi kabla sijafika chini. Milango yote ile niliipita nikipiga kelele, hapana aliyefungua. Hata matanga tulikaa wawili tu. Leo unacheka na watu!

Nguo zako zimo kambani, zianue mwenyewe.

~~Nitarudi Ijumaa.~~ Sirudi mpaka uwaambie wageni wale wale kwa nini mtoto mmoja hatukuja naye. Ukinitaka, njoo Msuka. Nyumba ya mama haina namba. Uliza mtu yeyote.

Mama Mgeni