Kabureta Iliyovuka na Gari Lingine

Mujukuu wangu Furaha,

Sisi tuko wazima, bibi yako anakusalimia. Unauliza kwa nini gari langu la zamani, lililopeleka maharusi, limesimama tu.

Wakati wa Corona, barrière, mpaka wetu na Gisenyi, ilifungwa. Malori ya mizigo peke yake yalipita. Kabureta ya gari langu, niliyoagiza Kampala, ilifika Gisenyi kwa mudogo wangu, amupe dereva wa lori aniletee. Kila nikipiga simu, alijibu: "Mukubwa, madereva wanakataa. Vumilia."

Barrière ilipofunguliwa, nilienda kumupokea pale; alivuka na gari lake, la aina ileile kama langu, lililokuwa limekufa. Sasa linanguruma vizuri.

"Kabureta ingelala bure," alicheka. "Si tumbo moja? Panda, nikupeleke."

Nilirudi nyumbani Katindo kwa miguu. Ukimutuma ndugu akuletee kipuri, uliza kwanza kama naye hana gari bovu.

Babu yako